CHUNGU KIMOJA, CHUMVI MOJA: KWA NINI TANSIO INAPANDA KWA HUYU NA SI KWA YULE?



Katika kampi zetu kuna bishano lisilokwisha. Mfanyakazi amepimwa tansio kwenye dispanseri, na munganga amemwambia: «Baba, punguza chumvi.» Anarudi nyumbani, anamwarifu bibi yake. Jioni jirani anakuja kuketi naye nje ya nyumba, anasikia habari hiyo na kucheka: «Mimi nakula makayabu tangu utoto wangu. Mzee wangu alikula bitoyo mpaka uzee wake. Na tansio yangu ni 12 kwa 8! Chumvi haina neno, ndugu yangu. Waganga wanatafuta jambo la kusema tu.»

Nani ana haki? Munganga ana haki juu ya mgonjwa wake. Jirani naye pengine anasema kweli juu ya mwili wake mwenyewe. Kosa linaanza pale anapotaka mwili wake uwe kipimo cha mwili wa mwenzake. Maana chumvi haifanyi kazi sawasawa katika miili yote. Watu wawili wanaweza kula katika chungu kimoja miaka 20, mmoja akabaki na tansio nzuri na mwingine akapooza upande mmoja wa mwili kabla ya kufikia pensheni. Leo tunataka kuwaeleza namna jambo hili linavyotokea, na namna ya kujua wewe uko upande gani.

TANSIO NI KITU GANI?

Kila mfanyakazi wa mgodi anaijua pampu. Maji yaliyo chini ya ardhi lazima yapandishwe juu, usiku na mchana, la sivyo mgodi unajaa. Pampu inasukuma, mipira na mabomba yanapokea msukumo. Moyo nao ni pampu, na mishipa ya damu ndiyo mabomba yake. Tansio ni nguvu ya damu inayosukuma kuta za mishipa.

Waganga wanaandika hesabu mbili. Ya kwanza ni nguvu wakati moyo unapojikaza, ya pili ni nguvu wakati moyo unapojilegeza. Hapa kwetu tumezoea kusema «12 kwa 8», kwingine wanaandika 120/80, ni kitu kimoja. Ikiwa umepimwa katika siku mbalimbali, umetulia, na hesabu inabaki 14 kwa 9 au zaidi, unayo tansio ya juu. Kupimwa mara moja tu, baada ya kupanda ngazi au kugombana na mtu barabarani, hakutoshi kukupa ugonjwa.

Ubaya wa tansio ya juu ni kwamba mara nyingi haiumi. Bomba lililochoka halipigi kelele kabla ya kupasuka. Wengi wanangoja kichwa kiume, na kichwa hakiumi mpaka siku mshipa wa ubongo unapoziba au kupasuka. Kwa hiyo usiseme «najisikia vizuri» kama jibu kwa munganga. Yeye hakukuuliza unajisikiaje, alipima.

FIGO NDIZO ZINAZOAMUA

Sasa tuje kwenye chumvi. Katika gramu 10 za chumvi ya mezani, gramu 4 hivi ni sodiumu. Hiyo sodiumu ndiyo inayovuta maji. Penye sodiumu nyingi mwilini, maji nayo yanabaki, na damu inaongezeka ndani ya mabomba yaleyale.

Anayetakiwa kutoa chumvi iliyozidi ni figo. Figo zetu mbili zinachuja karibu lita 180 kwa siku, yaani damu ileile inapita na kurudi mara nyingi. Karibu maji yote pamoja na chumvi yake yanarudishwa katika damu, na ni lita moja au mbili tu zinazotoka kama mkojo. Fikiri basi: kazi ya figo ni kuamua, katika wingi huo wote, chumvi gani irudi na chumvi gani itoke. Kosa dogo kila siku, likirudiwa miaka na miaka, linakuwa jambo kubwa.

Chukua wafanyakazi wawili, dereva wa lori na fundi wa umeme. Wote wamekula samaki wa chumvi saa sita. Figo za dereva zinaona chumvi imezidi, zinaifungulia mlango, na mishipa yake inajilegeza kidogo kuipokea damu iliyoongezeka. Kesho asubuhi chumvi imekwisha kutoka na tansio yake haikutikisika. Figo za fundi wa umeme zinaishikilia chumvi. Nazo zitaitoa mwishowe, lakini zinahitaji msukumo mkubwa zaidi ili kuitoa. Ni kama chujio lililoziba kidogo: maji yatapita, lakini lazima uongeze nguvu ya pampu. Mwili wa fundi unaiongeza nguvu hiyo. Tansio yake ya juu ndiyo bei anayolipa ili atoe chumvi ileile ambayo dereva anaitoa bure.

Maelezo haya ya figo na msukumo yalitiliwa mkazo sana na Arthur Guyton, mtaalamu wa Marekani. Tena mwenzake wa nchi hiyohiyo, Lewis Dahl, aliwahi kuonyesha jambo hilo kwa panya katika mwaka 1962. Aliwazalisha panya wa ukoo mmoja ambao tansio ilipanda wakilishwa chumvi, na panya wa ukoo mwingine ambao walilishwa chumvi ileile na tansio haikupanda sana. Chumvi moja, chakula kimoja, lakini damu ya ukoo mbalimbali. Waganga wa leo wanaongeza kwamba si figo peke yake: mishipa inayokataa kujilegeza nayo ina sehemu yake.

WANGAPI WAKO HIVYO?

Katika mwaka 1986, mjini Indianapolis, Marekani, munganga Myron Weinberger na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu 570. Waliwatia chumvi nyingi mwilini, kisha wakaitoa kwa chakula kisicho na chumvi na kwa dawa ya kukojoza, huku wakipima tansio. Kati ya watu 100 wenye tansio ya juu, 51 tansio yao iliifuata chumvi, ikipanda na kushuka nayo. Kati ya watu 100 wenye tansio nzuri, 26 walikuwa hivyo pia.

Soma tena hesabu hizo. Katika wagonjwa wa tansio, karibu nusu hawakuonyesha badiliko kubwa. Ndiyo sababu mwingine anapunguza chumvi na tansio yake inashuka vizuri, na mwenzake anafanya vilevile na kuona badiliko dogo tu. Wasigombane, wala asidhaniwe kwamba anakula chumvi kwa siri! Lakini katika wale wenye tansio nzuri, wanaojisifu kama jirani yetu, mtu mmoja katika kila wanne alikuwa na mwili unaofuata chumvi bila kujua. Weinberger na wenzake waliwafuatilia watu hao miaka mingi, na katika mwaka 2001 walieleza walichokiona: wenye tansio nzuri ambao miili yao hufuata chumvi walikufa kwa wingi uliokaribia ule wa wagonjwa wa tansio. Jirani akicheka leo, mwambie aje apimwe kila mwaka.

Tena usidhani kwamba kuna mlango, huku wanaoumizwa na chumvi na huku wasioumizwa. Ni kama urefu wa watu: wako wafupi, wako warefu, na wengi wako katikati. Na mtu habaki mahali pamoja. Kijana wa miaka 25 anaitoa chumvi vizuri. Akifika miaka 50 figo zake zimechoka na ile chumvi aliyoizoea inaanza kumshinda. Mwanamke naye, damu ya mwezi ikikoma, anaingia katika hatari hiyo. Mwenye kisukari, mwenye ugonjwa wa figo, mtu mnene, na yule ambaye wazazi wake walikuwa na tansio, hao wote waihesabu chumvi kuwa neno lao.

Na sisi Waafrika? Jambo hili lazima lisemwe wazi. Katika uchunguzi mwingi, watu weusi wameonekana kuwa na mwili unaoshika chumvi kuliko wengine. Katika damu ya wengi wetu wenye tansio, kitu kinachoitwa renini, ambacho figo hukitoa wakati chumvi inapopungua, kiko chini. Ni ishara kwamba mwili unaona chumvi iko tele. Kuna wataalamu wanaodhani kwamba katika nchi za joto ambapo chumvi ilikuwa adimu, waliopona ni wale ambao miili yao ilijua kuishika. Wengine hawakubali maelezo hayo. Iwe iwavyo, chumvi kwa wazee wetu ilikuwa mali. Hapa Katanga watu walikuwa wakiivuna katika mahali pa chumvi pa Mwashya, karibu na mto Lufira, na kuifanyia biashara mbali, kama walivyofanya biashara ya shaba. Leo pakiti yake ni kati ya vitu vya bei ndogo kabisa dukani.

Habari ya renini ina faida hata kwa dawa. Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2019, uliofanywa katika nchi 6 za Afrika, kati yake Kenya na Uganda, wagonjwa 728 walipewa dawa mbili-mbili kwa namna tatu. Namna mbili zenye amlodipini ndani yake ziliishusha tansio kuliko ile isiyokuwa nayo. Kwa hiyo dawa iliyomfaa mtu wa Ulaya si lazima ikufae wewe, na dawa ya jirani si lazima ikufae wewe pia. Usiazime vidonge.

KUTOKA KIJIJINI MPAKA KAMPI

Wengi wetu, au wazazi wetu, tulitoka vijijini: Kasai, Lomami, kando ya Lualaba, Tanganyika. Mara nyingi tunasikia wazee wakisema: «Kule kwetu hakukuwa na ugonjwa huu.» Msiwacheke wazee.

Katika mwaka 1988 kulitolewa uchunguzi mkubwa, uliofanywa katika mahali 52 pa nchi 32, juu ya watu zaidi ya 10,000. Mahali pane palionekana kuwa na chumvi kidogo sana na tansio ya chini: pawili kwa wenyeji wa misitu ya Brazili, pamoja Papua Nyugini, na pamoja katika vijiji vya Kenya. Kwa watu wa Yanomami, huko Brazili, tansio ya wastani ilikuwa karibu 9.5 kwa 6, na haikupanda watu walipozeeka. Sisi tumezoea kudhani kwamba tansio kupanda ni sehemu ya uzee, kama mvi. Kumbe si lazima.

Tena katika mwaka 1990 wataalamu walieleza habari za Waluo waliohama kutoka vijiji vya magharibi ya Kenya kwenda kutafuta kazi Nairobi. Waliwapima hao, wakawalinganisha na ndugu zao waliobaki kijijini. Upesi baada ya kufika mjini, tansio ya wahamiaji ilikuwa juu kuliko ya wenzao. Mkojo wao ulikuwa na sodiumu nyingi zaidi na potasiumu kidogo zaidi. Uzito wao uliongezeka na moyo ulipiga mbio kuliko wa wale wa kijijini. Watu walewale, damu ileile. Chakula na maisha ndivyo vilivyobadilika.

Neno hilo potasiumu lishikeni. Ni ndugu wa sodiumu anayefanya kazi kinyume chake: inasaidia figo kutoa chumvi na mishipa kujilegeza. Inapatikana katika ndizi, viazi vitamu, maharagwe, sombe, lengalenga, matembele, nyanya, avoka, machungwa. Mtu wa kijijini alikula vitu hivyo kila siku pamoja na chumvi kidogo. Mtu wa kampi akipata mshahara ananunua mkate, makayabu, nyama ya mkebe, vipande vya Maggi. Sodiumu inapanda na potasiumu inashuka kwa siku moja. Ndiyo maana watu wawili wanaokula chumvi sawa wanaweza kutofautiana: mmoja anaila pamoja na sahani ya mboga, mwingine anaila na bukari na samaki tu.

«LAKINI MIMI NINATOKA JASHO!»

Hapa ndipo wafanyakazi wengi wanapotukatisha maneno. «Munganga hajui kazi yangu. Mimi niko mbele ya tanuru. Mimi niko chini, shati langu likikauka linabaki na unga mweupe. Nisipokula chumvi nitaanguka.»

Wana sababu ya kusema hivyo, na hatutaki kuwajibu kwa dharau. Jasho linatoa chumvi kweli. Katika mwaka 1923, huko Uingereza, mtaalamu Moss alieleza habari za wachimbaji wa makaa ya mawe waliofanya kazi katika mashimo yenye joto kali. Walikunywa maji mengi, na misuli ya miguu na tumbo ikawa inajikaza kwa maumivu makali. Ilionekana kwamba jasho lilitoa chumvi, na maji matupu yakaipunguza nguvu ile iliyobaki katika damu. Walipotia chumvi kidogo katika maji ya kunywa, maumivu yalipungua. Tangu hapo, katika migodi na viwanda vingi vya dunia, wafanyakazi waligawiwa vidonge vya chumvi, na imani ikaingia katika vichwa vya watu: mtu wa kazi ngumu lazima ale chumvi nyingi.

Imani hiyo imepitwa na wakati. Wataalamu wa kazi za joto hawashauri tena vidonge vya chumvi, na sababu zake ni hizi. Kwanza, mwili unajifunza. Mtu mgeni katika joto anapoteza chumvi nyingi, lakini baada ya juma moja au mawili ya kazi katika joto jasho lake linakuwa na chumvi kidogo zaidi. Na hapa pia watu hawalingani: lita moja ya jasho kwa mmoja inabeba gramu 1 hivi ya chumvi, kwa mwingine gramu 4. Pili, chakula cha kila siku tayari kina chumvi nyingi. Shirika la Afya la Dunia linataka mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai. Wastani wa dunia, kwa hesabu ya shirika hilo ya mwaka 2023, ni karibu gramu 11. Tatu, anayetoka jasho leo kesho yuko mapumzikoni, mwezi ujao yuko likizoni, baadaye amepelekwa kazi ya ofisi, na mkono wake unaendelea kutia chumvi kama bado yuko mbele ya tanuru.

Basi ufanye nini? Ukiwa na afya nzuri, kunywa maji kidogo-kidogo na mara kwa mara wakati wa zamu, usingoje kiu, na usiache kula. Kwa wengi wetu hiyo inatosha. Ikiwa kazi yenyewe ni ya jasho jingi saa nyingi mfululizo, kinywaji chenye chumvi kilichopimwa na huduma ya afya ya kazi ndicho kinachofaa, usijikorogee mwenyewe. Misuli ikijikaza, kizunguzungu kikikushika, toka kwenye joto na umwarifu mkubwa wa kazi mara moja.

Lakini ikiwa una tansio, na zaidi ikiwa unameza vidonge vya kukojoza, mwambie munganga kazi yako ni ipi. Usiseme tu «ninafanya kazi kwenye kampani». Sema: niko kwenye tanuru, niko chini, niko kwenye lori lisilo na baridi. Mtu anayekojozwa na dawa, anayetoka jasho lita kadhaa, na ambaye amekata chumvi yote kwa woga, anaweza kuanguka kwa tansio ya chini. Munganga anayejua kazi yako atapima dawa kulingana nayo. Usipunguze dawa mwenyewe, na usiongeze chumvi mwenyewe.

NITAJUAJE KAMA CHUMVI INANIPANDISHIA TANSIO?

Kwenye dispanseri hakuna kipimo cha damu cha kukujibu upesi. Kuna njia ya uvumilivu. Pimwa tansio siku tatu mbalimbali, saa moja ileile, mkono uleule, baada ya kukaa kimya dakika 5. Usivute sigara wala kunywa kahawa kabla yake. Andika hesabu. Kisha punguza chumvi kweli kwa majuma manne, ukiendelea na dawa zako zote kama kawaida, na urudi kupimwa siku tatu tena kwa namna ileile. Tansio ikishuka waziwazi, umepata jibu. Kwa wastani wa wagonjwa wengi waliochunguzwa, kupunguza gramu 4 au 5 kwa siku kumeishusha hesabu ya kwanza kwa nusu nukta hivi, kama kutoka 15 mpaka 14.5, kwa mwingine inashuka mara mbili ya hapo, kwa mwingine haishuki sana.

Usipoona badiliko, mwulize munganga atafute sababu nyingine pamoja nawe: uzito, figo, pombe. Ndiyo, na lutuku pia, ambalo linapandisha tansio bila msaada wa chumvi. Tena mwonyeshe vidonge vyote unavyomeza. Wafanyakazi wengi wenye maumivu ya mgongo wanajinunulia ibuprofeni au diklofenaki kila juma. Dawa hizo zinazifanya figo zishike chumvi na kuiharibu kazi ya dawa ya tansio. Vidonge vinavyochemka katika maji, navyo mara nyingi vimejaa sodiumu. Mtu anaweza kula bila chumvi kabisa na kuinywa katika glasi!

MAMA, HESABU NI YAKO

Mama wa nyumbani, tunakuomba ufanye jambo moja rahisi: siku unapofungua pakiti ya chumvi, andika tarehe juu yake. Tuseme ninyi ni watu 6 nyumbani. Gramu 5 kwa kila mtu ni gramu 30 kwa siku. Pakiti ya gramu 500 inapaswa kudumu siku 16 au zaidi, hata kama chumvi yote mnayokula inatoka humo. Na haitoki humo yote: iko katika mkate, katika samaki, katika Maggi, na watoto wanahitaji kidogo kuliko wakubwa. Kwa hiyo pakiti hiyo ingedumu karibu mwezi. Ikiwa inakwisha kwa juma moja, umekwisha kujua, bila munganga kukuambia.

Kipande cha Maggi, karibu nusu ya uzito wake au zaidi ni chumvi. Anayetia vipande viwili katika sombe na kijiko cha chumvi juu yake ametia chumvi mara mbili. Chagua kimoja. Makayabu yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe na kubadilishwa mara mbili au tatu, na yasitiwe chumvi nyingine chunguni; hata hivyo chumvi haitoki yote, kwa hiyo yasiwe chakula cha kila siku. Kapenta waliokaushwa juani bila chumvi ni bora. Bikarbonati inayotiwa katika maharagwe ili yaive upesi ina sodiumu pia. Loweka maharagwe tangu jana na hutaihitaji. Kitunguu, nyanya, ndimu, pilipili, karanga zilizotwangwa ndani ya sombe, hivyo vinaleta ladha. Majuma ya kwanza baba atanung'unika. Ulimi unazoea baada ya majuma machache, na chakula cha zamani kitamshinda kwa ukali.

Usipike vyungu viwili, cha mgonjwa na cha wengine. Mgonjwa anaona haya, anakula katika kile cha wengine, na watoto wenye damu yake wanajifunza ulimi wa chumvi. Lakini chumvi kidogo utakayotumia iwe ile yenye iodini, kwa ajili ya watoto na wajawazito. Mama mwenye mimba ambaye tansio yake imepanda au uso umevimba asijitibu kwa kukata chumvi. Aende kwenye maternite siku hiyohiyo.

Kuna pia chumvi ambayo sehemu yake imebadilishwa kwa potasiumu. Huko Uchina, katika vijiji 600, watu karibu 21,000 walioshiriki waligawanywa: nusu wakaitumia hiyo, nusu ile ya kawaida. Matokeo yalitolewa mwaka 2021: kupooza kulipungua kwa 14 katika kila 100 kwa walioitumia. Ni habari njema. Lakini kwa mwenye figo mbovu, au anayemeza dawa fulani za tansio, potasiumu ikizidi inaweza kuusimamisha moyo. Ukiiona dukani, usiinunue kabla ya kumwonyesha munganga kitabu chako cha matibabu.

Na ikiwa mdomo wa mtu umepinda ghafla, mkono umelegea, maneno yanakwama, au kifua kinambana na pumzi inakatika, msimpake dawa, msimpe kitu cha kunywa, msingoje mpaka asubuhi. Aangaliwe saa ilipoanza, maana waganga wataiuliza, na apelekwe hospitali papo hapo.